Mashine Arobaini na Mbili

Kati yangu na Bi Enta kuna ukuta wa plaiwudi usiozidi unene wa kidole. Upande wangu nafundisha jiografia. Upande wake anafundisha biashara na kompyuta, masomo ambayo shule nyingine huwapa walimu wawili, ila yeye kabebeshwa yote kwa mshahara mmoja. Kwa miaka tisa nimesikia kila neno alilosema humo ndani, nitake nisitake. Najua namna ya kumtuliza mteja mkorofi, najua kuhifadhi faili, najua kwamba kipanya hakigongwi mezani hata kikigoma kusogea. Kompyuta yenyewe nilikuwa sijawahi kuigusa.

Jina hilo la Bi Enta wamempa wanafunzi. Kile kitufe cha enta anakipiga kama mtu anayeua mbu, kwa hasira na kwa uhakika, halafu anajifuta kidole kwenye sketi. Mbele yake wanamwita Mwalimu. Mimi ananiita jirani, nami namwita jirani, na ukiisikiliza vizuri sauti ya anayeita utajua siku hiyo nani ana kinyongo na mwenzake.

Kinyongo changu kilikuwa chumba, na sioni sababu ya kuficha. Chumba chake kina madirisha manne. Changu kina dirisha moja, tena linatazama ukuta wa choo. Ramani zangu zinaota ukungu, bara zima limeshaliwa na madoa meusi, na nikimwonyesha mwanafunzi mto inabidi nimuapie kwamba upo. Nilikitamani chumba kile waziwazi. Nilimwambia Mwalimu Mkuu mara tatu kwamba kompyuta hazihitaji hewa kama binadamu, na mara ya tatu nilimwandikia.

Kabla ya ualimu, Bi Enta alikuwa mpiga chapa kwa wakili mmoja mwenye hasira za karibu. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, na taipureta ya ofisi ilikuwa nzito kuliko yeye. Wiki ya kwanza alirekebisha sentensi ya bosi iliyokuwa imepinda, na bosi akamjia juu. "Kazi yako ni kuchapa, siyo kufikiri! Chapa ninachosema, neno kwa neno!" Binti akaitikia, "Sawa, mzee." Siku ya pili yake wakili akawa anasema barua ya kwenda mahakamani huku akizunguka chumba, na binti akachapa neno kwa neno: "Mheshimiwa Hakimu, mteja wangu anaomba muda zaidi nani tena amechukua miwani yangu jamani hii ofisi ina wachawi." Wakili akatia sahihi bila kusoma, maana miwani ilikuwa bado haijapatikana. Barua ikaenda. Binti akafukuzwa kazi kabla ya saa sita mchana, akaenda kujiandikisha chuo cha ualimu. Kila akiisimulia hadithi hii ofisini kwa walimu tunavunjika mbavu, na yeye anatutazama kwa uso mkavu kabisa, utadhani anasoma taarifa ya habari.

Basi, aliajiriwa kufundisha biashara. Kompyuta zilimwangukia tu, baada ya kijana aliyekuwa anazifundisha kupata kazi ya maana zaidi mjini na kuondoka bila hata kurudisha ufunguo. Mwalimu Mkuu alimwambia, "Wewe si ulikuwa unachapa? Ni kitu kilekile." Hakikuwa kitu kilekile. Nilimsikia kupitia plaiwudi, jioni baada ya watoto kuondoka, akisoma kitabu cha maelekezo kwa sauti na kuitukana mashine kwa upole. Mwezi mzima. Halafu matusi yakapungua, nikajua ameshaelewa.

Kompyuta alizorithi zilikuwa kumi na nne. Tisa zilikuwa zinawaka zenyewe, ya kumi ilikuwa inawaka ukiizaba kofi upande wa kushoto. Darasa lilikuwa na watoto arobaini na wawili. Mwingine angewapanga foleni. Yeye aligeuza kila mashine inayowaka kuwa kampuni. Kila kampuni ina dereva anayeshika kipanya, karani anayechapa, msomaji anayesoma maelekezo kwa sauti, na meneja. Meneja haruhusiwi kugusa chochote. Kazi yake ni kuona kosa na kulisema kwa adabu. Kila Jumatatu wanabadilishana, na nimesikia kwa masikio yangu msichana mkubwa akilia kwamba zamu yake ya umeneja imefika.

Kampuni zenyewe zilikuwa na wateja wa kweli. Moja ilikuwa inawachapia wazazi barua. Nyingine ilichukua kazi ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye wateja wake walikuwa wanagombania kiti kila Jumamosi. Watoto wakamtengenezea orodha ya foleni, nzuri, yenye saa na majina. Jumamosi ya kwanza kinyozi akaisoma, akakuta yeye mwenyewe ni wa saba. Hakuna aliyekuwa ameiambia mashine kwamba mwenye kiti hanyolewi. Akaja shuleni na mkasi mkononi, amefura.

"Mwalimu, mimi nisubiri watu sita kwenye duka langu mwenyewe?"

"Samahani, kaka. Watoto walikuuliza majina ya watu wote wanaokuwepo dukani, na wewe ukajitaja."

"Sasa mimi sipo?"

"Upo," Bi Enta akasema. "Ndiyo maana umepangwa."

Nilicheka mpaka chaki ikanidondoka. Lakini alivyofunga mlango, niliisikia sauti yake ikibadilika. Aliwaambia watoto kwamba biashara na kompyuta ni somo moja lenye majina mawili. Mteja hakujui, na mashine haikujui. Yote mawili ni kumweleza asiyekujua unachotaka, bila kuacha tundu, na tundu ukiliacha usimlaumu aliyetumbukia.

Mwaka jana, muhula wa pili, transfoma ya mtaa wetu ililipuka. Shule ikakosa umeme, na mafundi wakasema vifaa vimeagizwa, maneno ambayo kila mtu mzima anajua maana yake. Wiki hiyohiyo ikaja barua kutoka ofisi ya elimu, na Mwalimu Mkuu akatusomea kwenye kikao. Mkondo wa biashara na kompyuta utakaguliwa. Ukionekana hauna tija utafungwa, mashine zitapelekwa kwingine, na mwalimu wake atahamishiwa wilaya yenye upungufu. Wilaya yenye upungufu, sote tulijua, ni safari ya siku nzima.

Tulipotoka kikaoni Bi Enta alinishika mkono pale kwenye korido, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jirani, nikipelekwa huko, mama mkwe nani atamgeuza kitandani?"

Mama mkwe wake amelala mwaka wa nne, upande mmoja wa mwili hauna habari na mwingine. Mumewe ni fundi wa mafriji, mtu mwema lakini mgongo wake umekwisha kwa kunyanyua mafriji, na bibi yule si mwepesi. Nilimfariji. Nilimwambia Mungu yupo, mambo yatakuwa sawa. Nikaingia darasani kwangu, nikatazama ramani zangu, na ndani ya dakika tano nilikuwa napima kwa macho ni ipi itakaa kati ya dirisha la pili na la tatu. Ndivyo nilivyo. Sijisifii.

Sasa atamwonyesha mkaguzi nini, mashine zimezima? Jibu lilitoka jikoni kwake. Jioni moja alimwandikia mumewe maelekezo ya kuchemsha chai, yeye akaenda kumwogesha mama. Aliandika: chukua sufuria, tia maji, weka juu ya jiko, maji yakichemka tia majani. Alirudi baada ya dakika arobaini akamkuta fundi amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la baridi, mikono magotini, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Baba watoto, chai iko wapi?"

"Nasubiri maji yachemke, mama watoto. Hukuandika niwashe."

Siku nyingine angemmwagia yale maji. Badala yake alikaa chini akacheka naye, na kesho yake akaja shuleni na maboksi matupu, kisu na kamba. Watoto wakakata kadi arobaini na mbili, wakaandika MASHINE, wakavaa shingoni. Sheria zilikuwa chache. Ukiwa na kadi shingoni, hufikirii. Unatii amri uliyopewa na mwalimu au mtu mzima wa shule, kama ilivyotamkwa. Huachi mpaka amri iishe au aliyeitoa akuambie uache. Na katika kila kampuni mmoja anakuwa kumbukumbu, anabeba kichwani kila neno la amri bila kupunguza, na aliyeitoa akimwambia aseme, analitoa lote. Kampuni itakayokaa muda mrefu bila kukosea itamiliki kompyuta namba tatu mpaka mwisho wa mwaka, umeme ukirudi. Namba tatu ndiyo pekee ambayo herufi zake zote zinabonyezeka. Watoto wangeua kwa ajili ya namba tatu.

Shule ikaingia wazimu. Mwalimu wa michezo aliwaambia, "Haya, zungukeni uwanja!" akaenda kunywa maji. Alisahau kutaja mara ngapi. Kengele ikalia, kipindi kingine kikaanza, arobaini na wawili bado wanazunguka, ndimi nje, na mwalimu wa hesabu anawaita dirishani kama mtu anayeita kuku. Mlinzi wa geti alimwambia msichana mmoja, "Simama hapo nikuulizie," akaenda kuuliza, akakutana na umbea njiani. Msichana alisimama hapo mpaka mlinzi mwenyewe alipomkuta na kumuuliza anamsubiri nani. Hata mimi sikupona. Nilimkabidhi mmoja wao ramani nikamwambia anishikie, nikaitwa ofisini. Niliporudi kuchukua mkoba wa kwendea nyumbani alikuwa palepale, ameikumbatia dunia nzima.

Mwalimu Mkuu akaja juu. Ni mtu wa amri nyingi fupifupi, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekutana na watu wanaozitii.

"Mwalimu, huu mchezo ukome. Mkaguzi anakuja kesho kutwa!"

"Utakoma, Mwalimu Mkuu, akishauona. Sina umeme. Unataka nimwonyeshe waya?"

Akasonya, akaondoka. Sisi walimu tukainamisha vichwa kwenye madaftari ili asituone tunavyocheka.

Siku ya ukaguzi Bi Enta alifika mapema, akawavalisha watoto kadi, akawakalisha kwa kampuni zao, kisha akaitwa ofisini kutia sahihi fomu. Nilikuwa peke yangu upande wangu. Wanafunzi wangu walikuwa wameenda maabara. Nikasikia viatu vya Mwalimu Mkuu vikiingia kwa jirani. Kwenye plaiwudi kuna tundu, mwanafunzi wa zamani alilitoboa kwa bikari, na mimi sikuliziba. Nikaweka jicho.

Mwalimu Mkuu alisimama mbele, anatoka jasho. Alikuwa anaogopa watoto watasema upuuzi, nikamwelewa. Akawaambia: "Sikilizeni. Huyu mama wa ofisi anapenda kuuliza maswali ya mitego, hana kazi nyingine. Akiingia msimame, msalimie, mkae. Baada ya hapo mtu asiseme neno wala asiguse kitu mpaka mimi mwenyewe nirudi niwaambie." Akaangalia saa, akakimbilia kwa shemeji yake mtaa wa tatu, alikokuwa ameahidiwa jenereta la kuazima.

Zile kadi shingoni mwao sijui alizichukulia kuwa pambo.

Mkaguzi aliwahi. Mama mwembamba, mkoba mkubwa, miwani ya kamba. Bi Enta alimwingiza kwa bashasha. Watoto wakasimama, wakaamkia, wakakaa. Mkaguzi akafurahi, akaenda kwa kampuni ya kwanza.

"Haya, kampuni yenu inafanya nini?"

Kimya.

"Msiogope. Niambie wewe."

Mtoto alimtazama usoni bila kupepesa. Akaenda kampuni ya pili, kimya. Akaenda ya nne, kimya. Bi Enta akacheka kicheko cha wasiwasi, akasema, "Jamani, mwelezeni mgeni," na wakamtazama hata yeye kama ukuta. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kile kilikuwa na mshindo wa kunipasua masikio mimi, niliyekuwa nakijua.

Mkaguzi alitoa daftari. Nikaona kalamu ikitembea.

Nataka muelewe nilivyokuwa nimesimama. Jicho tunduni, kiganja kwenye plaiwudi. Mlango wangu na mlango wake imeachana hatua sita. Neno moja tu lilitakiwa: "Jirani, Mwalimu Mkuu amewaambia wasiseme." Nililiweka hadi kwenye ulimi. Halafu upepo ukapita kwenye yale madirisha manne, mapazia yakajaa, na mimi nikalimeza. Nikajiambia nisubiri kidogo. Nikajiambia si vizuri kuingilia ukaguzi wa mwenzako. Uongo ukiwa wako mwenyewe una adabu sana.

Bi Enta alikaa kwenye ukingo wa meza. Uso ulikuwa umemwisha rangi. Nikajua anamwona mama mkwe kitandani, maana mimi mwenyewe nilimwona. Halafu akainuka, akajifuta kidole kwenye sketi.

"Mama, hawa watoto ukiwaacha dakika moja utadhani ni soko. Hawanyamazi bure. Kuna mtu amewapa amri, na mimi siijui. Nipe nafasi niitafute."

"Utaitafutaje na wao hawasemi?"

"Kama ninavyotafuta kosa kwenye mashine yoyote." Akawageukia. "Jibu likiwa ndiyo, simameni. Likiwa hapana, kaeni. Mmeamriwa msiseme?"

Arobaini na wawili wakainuka kwa mpigo, mikono juu, wasije wakagusa meza. Ungedhani wamevamiwa na majambazi. Mkaguzi akarudi nyuma hatua moja.

"Aliyewaamuru ni mtu wa hapa shuleni?" Wakabaki wamesimama. "Ni mwanamke?" Wakakaa. "Ni mwalimu?" Wakasimama. Bi Enta akafikiri. Walimu wanaume tuko kumi na mmoja, na angeweza kututaja mmoja mmoja, lakini yeye si mtu wa kupoteza muda. "Ana nywele?"

Wakakaa wote.

Hapo jasho lilinitoka. Shuleni kwetu wenye vipara ni wawili, na mmoja ni mimi.

"Anafundisha jiografia?" Bi Enta akauliza, na akageuza kichwa kuelekea ukutani, kuelekea tunduni, ndani ya jicho langu. Nikajiondoa haraka, nikagonga kiti. Nilikuwa sijatenda kosa hilo, lakini moyo ulinidunda kama wa mwizi, maana nililotenda niliona halijapishana nalo sana. Sikusikia viti vikikwaruza. Hawakuinuka.

"Basi ni Mwalimu Mkuu," akasema, na viti vyote vikakwaruza pamoja.

Mkaguzi aliweka mkoba chini. Aliweka daftari juu ya mkoba. Alikuwa anajizuia kucheka, pua inamtanuka. "Hebu, Mwalimu, niulize mimi." Na akaanza. Aliuliza kama kutangaza bidhaa kabla hujaijua ni busara, wakakaa. Aliuliza kama mashine inaweza kujua nia yako, wakakaa. Aliuliza kama mteja akitoa maelezo pungufu, lawama ni zake peke yake. Hapo darasa likagawanyika, wengi wakasimama, wanne wakabaki wamekaa kwa ukaidi.

"Hawa nao?"

"Hao ndio kampuni ya kinyozi," Bi Enta akasema. "Wana machungu yao. Wanajua walitakiwa kumuuliza tena."

Waliendelea hivyo nusu saa nzima. Simama, kaa, simama, kaa. Mkaguzi alikuwa amevua koti, na maswali yake yakawa magumu, na kila walipogawanyika alitaka kujua kwa nini, na Bi Enta alijua kila mtoto kwa nini.

Ndipo Mwalimu Mkuu akarudi, shati limepakaa oili, jenereta limegoma.

"Kuna nini humu? Mbona wamesimama na mikono juu?"

Kimya.

"Nimeuliza! Semeni!"

Akawa amesema. Amri ikaisha. Na watoto wa kumbukumbu, mmoja kwa kila kampuni, sauti kumi kwa pamoja, wakatoa walichobeba, kama sheria ilivyotaka, bila kupunguza neno: "Sikilizeni. Huyu mama wa ofisi anapenda kuuliza maswali ya mitego, hana kazi nyingine..."

Walifika mpaka mwisho. Mwalimu Mkuu alijaribu kuwakatisha kwa mkono, lakini mkono si neno. Mkaguzi alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza wimbo aupendao. Kisha akavaa koti lake.

"Maswali ya mitego," akamwambia. "Wewe ungesimama mara ngapi, Mwalimu Mkuu?"

Mkondo haukufungwa. Mkaguzi aliandika palepale kwamba uendelee, na kwamba ni hatari somo zima kumtegemea mtu mmoja, hivyo mwalimu wa pili atayarishwe, Bi Enta amchague mwenyewe. Watoto walipiga kelele mpaka plaiwudi ikatikisika, na mimi upande wangu nilipiga makofi, ndiyo, nilipiga, na nilikuwa na furaha ya kweli. Mtu anaweza kumwombea mwenzake mabaya asubuhi na kumfurahia mchana. Sielewi inawezekanaje, lakini nimeiona kwangu.

Saa tisa alikuja mlangoni kwangu. Nilikuwa nakunja ramani ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Jirani. Uliisikia ile amri?"

"Hongera, jirani! Umewaweza kweli..."

"Nimekuuliza."

Nikaweka ramani chini. "Niliisikia."

"Yote?"

"Neno kwa neno."

"Na mama mkwe wangu unamjua. Umeshakuja kumwona."

"Mara mbili."

Hakupandisha sauti. Ningeshukuru angepandisha. "Wale wangu walinyamaza kwa sababu waliamriwa," akasema. "Wewe ulikuwa na amri ya nani?"

Nilitafuta jibu. Nilipita kwenye madirisha, kwenye ukungu, kwenye kutoingilia ukaguzi wa mwenzangu, na kila nililoligusa lilivunjika. Nilinyamaza kwa akili zangu timamu, na nikamwambia hivyo. Niliona aibu mpaka kwenye kipara.

Akaitikia kwa kichwa. "Nimeandika jina lako."

"Wapi?"

"Mwalimu wa pili. Miaka tisa unasikiliza, hakuna aliyesoma somo hili kuliko wewe. Tena nakutaka upande wangu wa ukuta, nikuone." Akageuka kuondoka. "Jumatatu saa mbili. Kadi utakata mwenyewe."

Jumatatu nilikaa dawati la mbele, magoti yamegonga mbao, kadi ya MASHINE shingoni, na watoto nyuma yangu wanabanwa na kicheko. Bi Enta alifuta ubao, akatugeukia.

"Leo tunaanza na umeneja. Nani humu ndani ameshawahi kuona kosa, akalinyamazia, mwenzake akakaribia kuumia? Jibu likiwa ndiyo, asimame."

Hakuniangalia. Hakuwa na haja.

Nilisimama. Watoto wakaangua kicheko, wakidhani mwalimu mpya anafanya mzaha wake wa kwanza. Bi Enta akaendelea na somo, akaandika, akafuta, akauliza maswali, akawasifu waliojibu. Hakuniambia nikae. Nilisimama mpaka kengele ilipolia, miguu inawaka moto, na sikuona kama amenionea.